Miaka Kumi na Miwili ya Kung'oa Mnavu

Siku ya kuniaga mlinipa dakika tano za nasaha na soda moja. Dakika tano hazimtoshi mtu kukiri makosa yake, kwa hiyo nilishukuru, nikakaa, nikanywa soda. Sasa nina nafasi, na nyinyi mnaobaki na pikipiki za ofisi mnahitaji kusikia. Kwa miaka kumi na miwili, nikiwa afisa wa kilimo nyanjani huku Taita, niliua mboga. Si kwa bahati mbaya. Niliua kwa mpango, kwa fomu, na kwa kutoa zawadi.

Vyeo sitaviongelea. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kiti kilikuwa kilekile.

Mimi ni mtoto wa soko la Voi. Mama yangu aliuza mboga chini ya mwavuli wenye mbavu nane, tano kati yake zikifanya kazi. Alileta mchicha, mgagani na mchunga, vyote vikiwa vimejiotea vyenyewe pembeni mwa mashamba ya watu. Mteja wetu mkuu alikuwa Bi Saumu, mama wa Kiswahili aliyekaa jirani na soko, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mchunga wenyewe.

"Mwanangu, fungu hili mbona limekonda? Mchunga huu ulikuwa umefunga?"

"Uchungu wake ni uleule, bibi."

"Uchungu ninao nyumbani, mwanangu. Hapa nimefuata majani."

Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu kila kitu mara mbili: mafungu kabla Bi Saumu hajafika, na mafungu baada ya Bi Saumu kuondoka.

Kisha nikaenda chuo cha kilimo. Wiki ya pili tukafunguliwa kitabu cha magugu, na humo nikakuta chakula chetu cha mchana, kimechorwa vizuri, kila jani na jina lake la Kilatini. Mnavu, gugu. Mgagani, gugu. Mchicha wa porini, gugu sugu. Kumbe nilikuwa nimelelewa na adui. Nilibisha? Thubutu. Nilikuwa nataka cheti. Nilijibu mtihani, nikapata alama nzuri, na likizo nilipofika nyumbani nikamkuta mama amepika gugu sugu kwa nazi. Nilikula sahani mbili.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mghange. Aliyenipokea ni Mzee Mwadime, afisa wa zamani aliyebakisha miaka michache astaafu. Alinikabidhi vifaa vitatu. Cha kwanza, buti za mpira namba nane. Mimi navaa tano, kwa hiyo mwaka wa kwanza niliupanda mlima kwa soksi tatu kila mguu. Cha pili, penseli. "Kalamu ya wino hufa kwa ukungu wa huku," alisema. Cha tatu, fremu ya mbao, mita moja kwa mita moja. Unaitupa shambani bila kuangalia, kisha unahesabu kila kilichomo ndani yake: mazao upande huu wa daftari, magugu upande ule.

"Na jambo moja, madam," akaniambia. "Ukifika kwa mtu, usikimbilie shamba. Chungulia sufuria kwanza. Ukijua wanakula nini ndipo utajua wanalima nini."

Niliandika. Nikapiga mstari chini yake. Tena mistari miwili. Halafu Mzee Mwadime akastaafu, nami nikabaki na fremu.

Fremu ni kitu kitamu kwa mtu wa hesabu. Muda si mrefu nikabuni mashindano, nikayaita Shamba Safi. Kila msimu nilizunguka Mghange na Wusi nikirusha fremu yangu, na mwenye magugu machache alipata zawadi: jembe, mkokoteni wa tairi moja, safari nyingine mbolea. Mnawajua watu wa milimani kwa mashindano. Mghange hawakubali kushindwa na Wusi, na Wusi hawakubali kushindwa na mtu yeyote. Mama mmoja wa Mghange alilifagia shamba lake. Sisemi kwa mfano. Alilifagia kwa ufagio, tuta baada ya tuta, likawa kama sakafu ya kanisa. Nilimpa alama zote. Mvua ya kwanza iliposhuka iliubeba udongo wake kuelekea Mwatate, na alama zangu zikaenda nao.

Aliyeshika mkia kila msimu alikuwa Nyanya Mghoi wa Wusi, mjane wa miaka sabini na kitu. Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, matuta manne yaliyopangana mlimani kama ngazi. Mahindi yalikuwepo, maharagwe yalikuwepo, lakini katikati yake kulikuwa na kila kilichochorwa kwenye kile kitabu cha chuoni.

"Nyanya," nilimwambia mara ya kwanza, "hapa ndani ya mita moja kuna magugu arobaini na moja."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Arobaini na matatu.

"Umeona?" akasema. "Ukiyaangalia yanaongezeka. Yaache, madam, yana aibu."

Niliandika kwenye daftari kwamba mkulima huyu ni mbishi. Sikuandika nilichokiona kwa macho yangu, kwamba Nyanya Mghoi hakuwa na jembe la kupalilia. Alipalilia kwa vidole, kikapu mkononi. Alichong'oa kiliingia kikapuni, na kikapu kiliingia jikoni. Kisichofaa kikaenda kwa mbuzi. Kupalilia kwake ndiko kulikokuwa kwenda sokoni kwake. Na kwenye pembe ya kila tuta aliacha mmea mmoja, ule mzuri kuliko yote, bila kuuchuma, hadi uzeeke na kumwaga mbegu zake wenyewe. Wakwe, wajukuu, wageni, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. "Huo ni wa kesho," alisema. Mnavu wake hasa ulikuwa wa aina ya peke yake, majani madogo, laini, usio mchungu. Mama yake alimletea alipoolewa huko Wusi. Mimi niliuhesabu kwenye magugu. Tena mara mbili.

Mwanawe, Nyambu, alikuwa fundi wa magari Voi, mtu mzima mwenye mvi zake. Kila mwisho wa juma alipanda kumwona mama yake, na kila msimu aliposikia matokeo aliona haya. Msimu nilipotangaza kwamba mshindi atapata tangi la maji, alinifuata hadi ofisini.

"Madam Wakesho, sitaki mambo mengi. Mama anabeba maji kutoka bondeni na magoti yake hayo. Nataka lile tangi. Niambie nifanye nini."

Nilimwandikia kadi ya ushauri. Mnazijua kadi zile. Siku hizi mnatuma kwa simu, lakini zamani ilikuwa karatasi ngumu yenye muhuri. Niliandika: *Piga dawa ya kuua majani matuta yote manne kabla ya mvua. Anza upya.* Nikatia sahihi. Nyambu aliibeba kwa mikono miwili, na nilisikia aliitundika ukutani sebuleni kwa mama yake, kati ya picha ya harusi na kalenda ya kanisa.

Sasa sikilizeni mambo ya serikali. Jumanne, siku nne kabla ya Jumamosi ambayo Nyambu alipanga kupiga dawa, ofisini kulifika waraka. Kuanzia sasa tuhimize mboga za kienyeji. Zina faida mwilini, zinavumilia ukame, hazihitaji kunyunyiziwa sana, mtu wa kawaida anaweza kuwa nazo nyuma ya jiko. Kila afisa akusanye mbegu za eneo lake. Ya kwanza kwenye orodha: mnavu.

Bosi wangu akaniita. "Wakesho, wewe ni mtu wa huku. Unazijua mboga hizi?"

"Nazijua sana, bosi. Nimezimaliza zote."

Alidhani nimemaanisha kazi ya kuzikusanya. Akanipongeza.

Jumatano hadi Ijumaa nilizunguka kwa mabingwa wangu wote nikiomba mbegu za mnavu. Kila mlango niligonga, kila mlango nilisifiwa.

"Hapa, madam? Hata mmoja hutaupata! Si ulitufundisha wewe?"

Mama wa ufagio alinitembeza tuta kwa tuta anionyeshe kwamba hadanganyi. Mwingine, nilipomwambia natafuta gugu, alidhani ni ukaguzi wa ghafla, akautoa mkokoteni wake wa zawadi nje, ameuosha. Ijumaa jioni nilihesabu nilichokusanya. Hamna. Nikahesabu tena. Hamna. Katika milima yote niliyopewa kuitunza, mnavu wa kienyeji ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja, yule ninayempa sifuri. Nikafurahi dakika moja hivi. Kisha nikaikumbuka kadi.

Jumamosi asubuhi nilimpigia Nyambu. Mteja hapatikani. Nikashuka Mwatate, nikachukua bodaboda ya kupanda Wusi, na ijulikane kwamba nilielewana na dereva bei kabla ya kukaa. Dharura ni dharura, lakini ujinga ni ujinga. Njiani dereva akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia bado.

Harufu ya dawa ilinipokea barabarani. Nikaizunguka nyumba. Tuta la kwanza lilikuwa limelowa dawa. La pili limelowa. La tatu pia, na mmea wa pembeni, ule "wa kesho", umeinamisha kichwa ukidondosha matone. Nyambu alisimama chini ya tuta la nne, pampu mgongoni, kitambaa usoni. Na katikati ya tuta la nne, juu ya kigoda, ungo wa maharagwe magotini, alikaa Nyanya Mghoi, akichagua maharagwe kana kwamba yuko kanisani na mahubiri hayajamgusa.

"Mama, nakuomba," Nyambu alikuwa akisema. "Toka. Dawa nimeshaichanganya."

"Inywe."

"Mama!"

"Umepiga matuta matatu, sijasema neno. Ni ya baba yako. Hili nilililima nikiwa na mimba yako. Ukipiga hapa, nipige na mimi."

Hapo wakaniona. Nyambu alifurahi kama mtu aliyeletewa polisi. "Afadhali! Madam, mwambie. Mwambie ulichoandika."

Jamani, katika kazi hii mtajifunza kusema maneno mengi magumu. Mtamwambia mtu ng'ombe wake hatapona. Mtamwambia mtu mbegu aliyonunua ni feki. Hakuna gumu kuliko hili.

"Nyambu, shusha pampu. Nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Huu mnavu si gugu. Ni mboga."

Akashusha kitambaa usoni ili anione vizuri. "Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Nyanya Mghoi aliacha kuchagua maharagwe. Alicheka kwa muda mrefu, bila sauti, mabega tu, hata maharagwe kadhaa yakaruka kutoka kwenye ungo. Nyambu hakucheka. Alikuwa na haki yake.

"Na tangi je?" aliuliza. "Nimeua matuta matatu ya mama yangu kwa ajili ya muhuri wako. Leo unaniambia nirudi nyumbani?"

Nikaanza biashara, maana hiyo ndiyo lugha niliyozaliwa nayo. Nikamwambia tuta la nne libaki hadi mbegu zikomae. Siku ya mashindano nitarusha fremu yangu kwenye matuta yote manne, na mnavu, mgagani na mchicha nitaviandika upande wa mazao.

"Umewahi kuviandika hivyo?"

"Sijawahi."

"Na wale wengine wakilalamika?"

"Watalalamika."

"Halafu?"

"Halafu nitakuwa nimelalamikiwa."

Alinitazama kama injini iliyokataa kuwaka. Lakini pampu aliishusha. Ndipo sauti ikatoka kwenye kigoda.

"Mnagawana shamba langu vizuri. Mwenyewe sijaulizwa."

"Nyanya, nisamehe. Nataka mbegu. Sema bei yako."

"Sitaki pesa. Uitoe ile karatasi ukutani kwa mkono wako. Halafu uje kila Jumamosi upalilie hapa kwa vidole, na ukila cha mchana, ule ulichong'oa."

"Kila baada ya wiki mbili, nyanya. Nina eneo kubwa."

"Kila Jumamosi."

"Jumamosi mbili kati ya tatu."

"Na mimi nitakupa mbegu tatu kati ya mia."

Nimebishana na madalali wa Voi tangu sijaota meno ya utu uzima, lakini huyo alinishinda akiwa amekaa. Nikasema kila Jumamosi.

Kwa hiyo nilianza kusoma upya, safari hii bila Kilatini. Haya niliyoyajifunza kwenye tuta moja yaandikeni, kwa penseli. Mchicha uchume ncha, usiung'oe. Utakulipa mara nyingi kabla ya kuchoka. Mgagani chemsha, kisha uulaze na maziwa hadi kesho yake, uchungu utalainika wenyewe bila kugombana nao. Kishonanguo, kile kinachokushika sketi, huliwa kikiwa kichanga tu, majani machache ukichanganya na mengine. Kikishatoa maua, mwachie mbuzi. Mchunga, sikiliza ushauri wa Bi Saumu: bila nazi ni adhabu. Mnavu, majani ndiyo chakula. Yale matunda yakiwa mabichi, ya kijani, usile wala usimpe mtoto. Na kama hujui mmea, usiwe shujaa. Uko ule wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda la miiba, unaota papo hapo kwenye takataka, na ukiupika utaona mambo ambayo hayapo. Usichume kando ya barabara kuu wala kwenye shamba lililopigwa dawa. Hili la mwisho nina mamlaka ya kulisema.

Faida zake mtazisoma kwenye waraka. Mimi nawaambia alichonionyesha Nyanya Mghoi. Mvua ikinyesha, sukuma wiki bado iko kitaluni ikibembelezwa, haya magugu yetu yameshaota na yameshaingia sufuriani. Hayanunuliwi mbegu. Majani yake huufunika udongo ukabaki kwako badala ya kuhamia Mwatate. Lakini huwezi kuyaachia yote. Mahindi nayo yanataka kupumua. Siri ni kuyala kabla hayajakula wewe. Yanatibu nini, sitasema. Sokoni Voi watawaambia, na orodha yao kila mwaka inarefuka.

Siku ya mashindano ikafika, nikafanya nilivyoahidi. Nilirusha fremu matuta yote manne. Wakalalamika, tena kwa barua, na mama wa ufagio ndiye aliyesaini wa kwanza. Wenzangu wawili wa kamati wakakataa hesabu yangu. Tangi likaenda Mghange. Nyambu alisikia matokeo, hakunisalimia. Juma lililofuata alimletea mama yake pipa kubwa la plastiki na mabati ya kukingia maji, akalifunga mwenyewe, akashuka Voi bila kunywa chai.

Matunda ya mnavu yalipoiva yakawa meusi, Nyanya Mghoi aliniagiza nimsaidie. Tuliyaponda ndani ya karai la maji, maganda yakaelea tukayamwaga, mbegu zikabaki chini kama vumbi. Tukazianika kivulini juu ya gazeti. Ni ndogo mno. Ukitaka kuzipanda lazima uzichanganye na majivu, la sivyo zote zitakwenda mahali pamoja kama wanasiasa. Nilijaribu kuzihesabu. Nilifika mia mbili na kitu, nikapiga chafya.

"Anza tena," alisema Nyanya Mghoi.

Habari zilikuwa zimesambaa. Msimu huo mvua ilikuwa ya kubahatisha, sukuma za mabingwa zilikauka kwenye udongo wao safi, na waraka nao ulikuwa umesomwa kwenye baraza. Siku ya kugawa mbegu mabingwa wote wakaja, Mghange na Wusi, wakapanga foleni nyuma ya nyumba ya mtu niliyempa sifuri. Mama wa ufagio alikuwa mbele. Kipimo kilikuwa kizibo cha soda, kimoja kwa kila mtu. Nyanya Mghoi hakumsimanga yeyote. Alipima, akakung'uta kidole, akaita mwingine. Mimi alinipimia nusu kizibo. Nilipomtazama alisema, "Wewe utarudi Jumamosi."

Mbegu kwenye gazeti zilikuwa zinakaribia kuisha nilipomwona Nyambu mwishoni mwa foleni. Hakupita mlango wa mbele kama mwenye nyumba. Alipanga foleni kama wengine, ovaroli ya gereji mwilini, kizibo chake mkononi. Hatua kwa hatua akafika mbele ya kigoda.

Mama yake hakuinua macho. "Wewe nawe wataka nini?"

"Mbegu, mama."

"Za kupanda wapi?"

"Yale matuta matatu."

Nyanya Mghoi aliutazama mkono wa mwanawe, kisha kizibo, kisha uso wake, na hakuna aliyejua kama atapima au atakunja gazeti.

"Nenda kaoge kwanza," alisema. "Na mikono usugue. Hizi hazitaki harufu ya dawa."

Nyambu, fundi wa miaka hamsini, mwenye watoto wa sekondari, akateka maji kwenye lile pipa lake, akaenda kuoga saa nane mchana mbele ya Mghange na Wusi pamoja. Aliporudi, nywele zikidondosha maji, zamu yake ilikuwa bado inamngoja, na mama yake alikuwa ameshapima vizibo vitatu.